Jina la Baba Mkwe

Fomu zilikuwa mbili, na mimi ndiye niliyechagua ile iliyotukwamisha. Nasema hivyo mapema kwa sababu wanaonijua hawajazoea kunisikia nikikiri kosa, na kusema kweli nafasi ya kufanya hivyo huwa siipati mara nyingi.

Nilizaliwa na wakulima wa mahindi na miwa, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Nilikwenda Zambia nikiwa na mashati mawili na anwani ya mtu ambaye, nilipofika, alikuwa ameshahama. Nilifagia karakana ya majokofu hadi wakanipa spana, nikashika spana hadi wakanipeleka chuo, na chuoni nikapata diploma ya ufundi wa mitambo ya baridi, nikiwa wa pili katika darasa letu. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, kwa hiyo mimi hujihesabu wa kwanza. Karne ilipogeuka nilirudi Kenya na mke, watoto wawili na kontena la vipuri, bila kumwomba ndugu yeyote hata bati moja.

Karakana niliifungua Kitale kwa sababu maziwa yako Kitale. Majirani zetu walikuwa familia zilizohamia Trans-Nzoia kutoka Kenya ya kati, watu wa kanisa na ng'ombe wa gredi, na maziwa yao ya jioni yalikuwa yakiganda kabla ya lori la asubuhi kufika. Haukupita mwaka kabla kila tangi la kupozea maziwa, kuanzia mjini hadi barabara ya Suam, halijapita mikononi mwangu. Diploma niliitia kwenye fremu na kuitundika juu ya mlango wa karakana, mahali ambapo mteja hawezi kuingia asiione.

Mke wangu ni mzaliwa wa Zambia. Tulipofika hakujua Kiswahili zaidi ya maneno niliyoyatoa nikijigonga kidole kwa nyundo. Baada ya mwaka alikuwa akibishana sokoni hadi wenye viazi wakimwona wanapunguza bei wenyewe. Kibukusu, lugha ya kwetu, alikipata kwa mama yangu, kule Bungoma, alikokaa miezi kadhaa tukingoja mtoto wetu wa tatu azaliwe Lugulu, kwenye hospitali ya misheni, kwa kuwa mama hakukubali mjukuu wake azaliwe kwingine.

Pamoja na lugha, mama alimpa sheria. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono. Hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani anampisha. Na jina lake halitamki, hata akiwa anasimulia, hata akiulizwa. Nyumba nyingi za Wakristo kwetu zilikuwa zimelegeza mambo haya, na wapo waliokula meza moja na wakwe zao wala paa halikuwaangukia. Mama hakulegeza. Mke wangu naye, ambaye kwao pia mkwe huheshimiwa kwa mbali, alizipokea sheria zile kama mtu anayerudishiwa kitu chake.

Baba alitutembelea Kitale kila baada ya mavuno. Akifika langoni alikohoa mara mbili, kwa nguvu, ili mke wangu apate muda wa kuingia jikoni. Chai iliwekwa juu ya kigoda, mwenye kuiweka akarudi alikotoka, ndipo baba akaingia na kukaa. Akinywa, alizungumza na ukuta.

"Mwambieni mwenye nyumba hii chai yake imenifika mpaka kwa magoti."

"Mwambieni baba iko ingine," sauti ya jikoni ikajibu.

Wa kuambiwa nilikuwa mimi peke yangu, nimekaa katikati kama waya wa simu. Sijawahi kuona watu wawili waliopendana vile bila kutazamana.

Mimi nilipokuwa kwenye matangi ya maziwa, mke wangu alikuwa kwenye miche. Alianza na kitalu kimoja cha saipresi nyuma ya nyumba, akaongeza avokado za kuunga, na mwaka wa tatu akakodi ekari moja kando ya kijito kwa mjane mmoja jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuja Kitale tangu walowezi wa mwanzo wa Kiafrika walipogawiwa mashamba. Watu walitoka mpaka Cheptais kuja kuchukua avokado zake. Alikuwa na daftari gumu la shule ambamo aliandika kila alipopanda, mbegu gani, mvua ilianza lini, na miche mingapi iliota. Nilimwona akilijaza nikadhani ni mchezo.

Basi siku moja yule mjane akamwita.

"Mama, hii shamba nauza. Vijana wangu wako Nairobi, hakuna anayetaka kushika jembe. Wewe ndiye nataka ikuendee."

Mke wangu alikubali hapo hapo. Tatizo lilikuwa bodi ya ardhi. Shamba la kilimo halihamishwi bila kibali cha bodi, na bodi haikutoa kibali kwa mtu ambaye si raia.

"Mimi sina haraka," mjane akasema, "lakini vijana wako nayo. Nitakungoja mpaka mvua ya mwaka ujao ianze. Ikianza kama hujapata kitambulisho, kuna mtu wa ngano anaitaka."

Nilimwambia mke wangu jambo lenyewe ni dogo. Shamba tungeliandika kwa jina langu.

"Na ukifa?"

"Sifi."

"Umeandika wapi?" Akaniletea kibali chake cha ukaazi, kile alichokuwa akipigiwa mhuri kila mara kwa barua yangu, akaniwekea kidole penye neno moja. Mtegemezi. "Nimelea watoto hapa. Nimepanda miti kwa shule nne. Kila nikienda kupiga mhuri naitwa mtegemezi. Nataka karatasi yangu, na shamba langu kwa hiyo karatasi."

Karani mmoja mjini Kitale alitueleza taratibu, mtu mpole, penseli sikioni. Kulikuwa na njia mbili zilizomfaa. Ya kwanza ni ya mke wa raia: alete cheti cha ndoa, fomu, na wote wawili waende kuhojiwa. Ya pili ni ya mtu wa nchi ya Kiafrika iliyo katika Jumuiya ya Madola, aliyekaa Kenya kihalali miaka mitano au zaidi: alete ushahidi wa miaka yake, barua ya chifu, na raia wawili wenye sifa njema wasio jamaa, watakaosema wanamjua, tena aonyeshe anakijua Kiswahili. Kwa njia zote mbili, uraia wa kwao angeuacha, maana sheria wakati ule haikumruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

"Nina miaka sita," mke wangu akaniambia tukitoka. "Nichukue ya pili."

Nilisimama barabarani. Nilimuuliza kwa nini apitie dirishani na mlango uko wazi. Mlango ni mimi. Mume raia, mwenye diploma, mwenye karakana, anayejulikana na kila mwenye ng'ombe. Miaka ingehesabiwa, ingebishaniwa, ingetafutiwa mashahidi, lakini ndoa ni ndoa. Alisema sawa, maana cheti cha ndoa kilikuwa tayari na mjane alikuwa amempa muda mfupi.

Ile fomu niliijaza mwenyewe kwa taipureta. Penye nafasi ya mwombaji niliandika jina lake, na penye nafasi ya mume niliandika mpaka nafasi ikaisha. Niliambatisha cheti cha ndoa, picha ya karakana, barua yenye nembo yangu, na nakala ya diploma.

Mke wangu alizipanga zile karatasi mezani. "Sasa anayeomba uraia ni nani?"

"Wakijua umeolewa na nani, watakupa haraka."

"Haya bana."

Tuliitwa kuhojiwa baada ya miezi minne, katika afisi iliyokuwa mwendo wa nusu siku kutoka Kitale. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, na lafudhi yake haikuwa ya kwetu. Aliniita mimi kwanza, akaniuliza tulikutana wapi, watoto wana umri gani, mke wangu hulala upande upi wa kitanda. Nilimjibu yote, na nikamweleza pia kidogo kuhusu gesi ya majokofu, kwa kuwa feni yake ilikuwa ikitoa hewa ya moto. Nilitoka nikiwa na uhakika kwamba nimeshinda kwa niaba yetu sote.

Mke wangu alikaa ndani muda mrefu. Mlango haukufungwa vizuri, na mimi nilikuwa kwenye benchi jirani, kwa hiyo niliyasikia.

Alijibu vizuri kuhusu kanisa tulikofungia ndoa. Alijibu kuhusu watoto. Ndipo afisa akauliza, kwa sauti ile ile, "Baba ya mume wako anaitwa nani?"

Ikabidi arudie.

"Mama, baba mkwe wako. Jina lake."

"Siwezi kulisema."

"Hulijui?"

"Nalijua."

"Sasa si useme?"

"Siwezi."

Nikasikia kiti kikisogezwa. "Mama, umeolewa miaka ngapi?"

"Kumi."

"Na umeshaonana na huyo mzee?"

"Tunaonana kila mwaka, lakini hatutazamani."

Hata mimi, nikiwa kwenye benchi, nilisikia jinsi jibu lile lilivyokaa vibaya. Afisa alimsukumia kalamu na karatasi, akamwambia basi aandike. Mke wangu akamwambia kuandika ni kutaja kwa mkono. Afisa hakupandisha sauti. Aliandika mistari miwili, akamwambia faili itakwenda kwa uchunguzi zaidi, kwa maana kuna watu wanaonunua ndoa ili wapate karatasi, naye hawezi kumpitisha mke asiyejua jina la baba mkwe. Uchunguzi ungechukua muda gani? Hakujua. Pengine mwaka, pengine zaidi.

Nilizuia hasira mpaka tukafika nje.

"Jina moja tu! Fomu yenyewe inalo!"

"Ungetaka nilitaje jina la baba yako mbele ya mgeni kama naita mtu wa kubeba mzigo?"

"Ni serikali ile."

"Mama alipokuwa ananifundisha hakusema serikali haimo." Kisha akaongeza, na hapo ndipo aliponimaliza, "Si wewe unayejigamba kwa wenzako ati mke wako ni Mbukusu kushinda Wabukusu?"

Nilikuwa nimejigamba hivyo hivyo, mara nyingi, mbele ya watu.

Hatukurudi Kitale moja kwa moja. Tulipitia Bungoma, kwa sababu habari kama ile ni bora wazee waisikie kwako. Mama alikuwa jikoni akichambua mboga. Baba alikuwa nje, amekaa chini ya dirisha la jikoni akinoa panga, kwa hiyo alisikia yote bila kuwa chumba kimoja na mtu yeyote.

Mama aliweka mboga chini. "Hakulitaja?"

"Hakulitaja," nikasema.

"Hata kwa serikali?"

"Hata kwa serikali."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Alimshika mke wangu mkono, akamwambia maneno kwa Kibukusu ambayo sitayaandika, maana mimi mwenyewe sijawahi kuambiwa nusu yake tangu nizaliwe, pamoja na diploma yangu.

Panga likaacha kunolewa. Baba akakohoa mara mbili.

"Mwambieni mtoto wangu arudi kwa huyo kijana alitaje," sauti ikaja kutoka dirishani. "Mimi mwenyewe nimemruhusu. Jina ni langu. Kama ataogopa, nitaenda naye. Nitasimama nje ya dirisha, niitikie."

Mke wangu aligeukia ukuta, akainamisha kichwa kidogo, kama ilivyo desturi.

"Mwambieni baba nimeshukuru. Lakini sitarudi na njia hiyo. Huyo afisa ameniuliza habari ya mume wangu, watoto wangu, baba mkwe wangu. Hakuna mahali ameniuliza mimi nimefanya nini hapa. Nitaenda na miaka yangu."

Halafu baba akasema, "Mwambieni hiyo ndiyo maneno," na panga likaanza tena.

Wiki iliyofuata mke wangu aliandika barua ya kuondoa ombi la kwanza, akajaza fomu ya pili kwa mkono wake, kwa wino wa buluu. Nilijitolea kumsaidia. Akanionyesha mahali pangu: mstari mmoja, hali ya ndoa, na neno lililotakiwa ni ameolewa. Mume hakuruhusiwa kuwa shahidi. Nilimuuliza kama nakala ya diploma ingeweza kukaa nyuma kabisa, chini ya karatasi zote. Alisema hapana.

Nilimtazama akikusanya miaka sita juu ya meza ya kulia. Kitambulisho chake cha mgeni na mihuri yake. Kadi ya kliniki ya Lugulu. Barua za shule nne alizopandia miti, mojawapo ikisema saipresi zake zimeshapita paa la darasa la saba. Na lile daftari. Nililifungua kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kila msimu ulikuwamo, mvua ya kwanza ya kila mwaka, siku kila kitalu kilipoota, hakuna mwezi uliorukwa. Mimi ni fundi na najua kazi nikiiona. Katika miaka ile yote sikuwa nimeandika kitu chochote kwa uangalifu ule.

Mashahidi wake walikuwa mwalimu mkuu wa shule mojawapo na yule mjane mwenye shamba. Mjane alivaa miwani, akaisoma fomu yote polepole, mpaka mahali palipoandikwa kwamba anathibitisha mwombaji ni mtu mwaminifu wa tabia njema, akatia sahihi na tarehe.

Mvua ya mwaka uliofuata ikaanza kabla karatasi haijaja. Mtu wa ngano akafika kwa mjane na gari lake. Mke wangu aliliona gari likiingia, akaacha kumwagilia, akasimama tu na ndoo. Baada ya nusu saa gari likatoka, na mjane akaja akivuka kijito kwa gumboti.

"Nimemfukuza."

"Lakini mama, mvua imeanza. Ulisema."

"Nilisema kabla sijatia sahihi. Si niliandikia serikali ati wewe ni mtu wa kuaminika? Sasa niuze shamba yako kwa mwingine, mimi nitakuwa mtu wa namna gani? Vijana watangoja. Leta hiyo ndoo."

Maishani mwangu sikuwahi kufikiria kwamba ile njia ya dirishani, niliyoicheka barabarani, ingetulindia shamba. Njia yangu haikuhitaji jirani. Yake ilimhitaji, na jirani akafungwa na sahihi yake mwenyewe.

Mahojiano ya pili yalikuwa mwezi mmoja baadaye. Mimi nilibaki kwenye benchi lile lile, hakuna aliyeniita. Afisa alikuwa yule yule. Alipekua daftari kwa muda mrefu, kisha akamwambia aeleze kwa Kiswahili kazi anayoifanya, ili Kiswahili chake kipimwe. Mke wangu akaanza na kuunga avokado: shina la kienyeji liwe nene kama penseli, kikonyo, kile kijitawi cha kuungwa, kikatwe asubuhi, kisu kisiguswe makali kwa kidole, utepe wa kufungia usipitishe maji. Alizungumza mpaka afisa akachukua karatasi nyingine na kuanza kuandika, na ilikuwa wazi kwangu, hata nikiwa nje, kwamba hayo hayaendi kwenye faili. Mama yake afisa alikuwa na avokado zilizokataa kuzaa.

Mwishoni akauliza, "Na lile jina, mama?"

"Afisa, hilo hata leo silisemi."

Akacheka kidogo. "Hii fomu haina baba mkwe."

Barua ya kukubaliwa ilipokuja, ilimtaka kwanza aukane uraia wa kwao. Alikaa na pasipoti yake ya Zambia mapajani mchana mzima, akifungua ukurasa wa picha na kuufunga. Nilitaka kusema jambo. Nikaenda kurekebisha tangi ambalo halikuwa limeharibika. Kesho yake aliipeleka mwenyewe, akala kiapo, na wiki kadhaa baadaye akarudi na cheti ndani ya bahasha, katikati ya kurasa za daftari ili kisikunjike. Bodi ya ardhi ilimaliza habari yake kabla ya chai ya saa nne.

Baba alikuja baada ya mavuno, lakini safari hii hakukohoa langoni kwetu. Alipitiliza hadi kijitoni, akasimama kwenye ua wa shamba, akakohoa hapo. Mke wangu alikuwa kwenye vitalu. Alihamia upande wa pili, akainama kwenye miche yake, akimpa mgongo nusu, kama ipasavyo.

Baba alizunguka mpaka wote kwa fimbo, polepole. Aliporudi penye ua alinitazama, kwa kuwa mimi bado nilikuwa waya wa simu.

"Muulizeni mwenye shamba hii kama anaweza kunipa avokado mbili, za kupanda Bungoma."

Mke wangu alichagua miche miwili, akaikagua mizizi, akabadilisha mmoja. Aliileta hadi katikati ya njia, akaiweka chini, akarudi nyuma hatua kumi. Baba akaja, akavua kofia, akaokota miche.

Huwa nawaambia wateja wangu kwamba mke wangu ni raia, na kwamba uraia huo haukupitia kwangu hata kidogo. Nalisema mara nyingi kuliko wanavyopenda kulisikia. Avokado mbili ziko Bungoma, nyuma ya jikoni kwa mama, na zimeshazaa. Diploma bado iko juu ya mlango wa karakana. Karibu nayo, kwenye fremu niliyoichonga mwenyewe, nimetundika ukurasa mmoja wa daftari, ule wa mwaka wetu wa kwanza, ambapo ameandika kwa Kiswahili chake cha mwanzo: leo mvua, saipresi imetoka.